Bia Nimeikataa, Wewe Sijakukataa

Siku ya kuonja bia, Kimya hakupaka kitu chochote mwilini. Si mafuta, si poda. Hata midomo aliiacha ikakauka kama ganda la kitunguu. Alioga kwa maji matupu, akavaa gauni lililofuliwa kwa sabuni isiyo na harufu, akala kipande cha mkate mkavu, kisha akatoka nyumbani kwao akinukia kama kikombe kilichosuuzwa.

Siku nyingine jambo hilo lisingemshughulisha. Kazi ni kazi. Lakini leo alikuwa anakuja mama yake Fundi, na mama huyo alikuwa hajapata kumtia machoni.

"Jipambe kidogo, mpenzi," Fundi alikuwa amemsihi jana, wakiwa wamesimama kwenye beseni la kuoshea glasi. "Mama yangu huanza na macho. Moyo wake huja nyuma, tena mpaka ubembelezwe."

"Kesho tunaonja."

"Manukato tone moja tu. Nyuma ya sikio."

"Sikio na pua ni majirani," alisema Kimya, akaendelea kuosha.

Fundi alicheka. Alikuwa na kicheko kinachoanzia mabegani, kikishuka mpaka kwenye magoti. Kisha kicheko kikamwisha, akaushika mkono wa Kimya uliolowa povu. Viganja vyake vilikuwa na makovu madogo ya mvuke wa mapipa, na Kimya aliyajua yote, moja moja, jinsi mtu ajuavyo ngazi za kwao hata taa ikizimika.

"Nisikilize. Mama amesema hivi: shayiri yake ikitoa bia ya maana, atakaa kitako na mimi tuzungumze habari zako. Isipotoa, nisimtajie tena mwosha glasi, na kizingiti chake usikikanyage. Kuna mwalimu mmoja ameshanichagulia nimwoe. Kwa hiyo yetu yote yamo ndani ya tangi namba tatu."

Kimya hakujibu. Jina lake hilo alipewa na dereva wa lori la kiwanda, kwa sababu wiki ya kwanza kazini alisema maneno tisa tu na Dereva akayahesabu. Alikuja kuosha glasi na chupa, msichana wa darasa la saba asiye na cheti kingine. Mwaka wa pili aliinusa glasi iliyotoka kwa mteja akasema pipa lile litachacha kabla ya Ijumaa. Watu walicheka. Alhamisi lilikuwa limechacha. Tangu siku hiyo shangazi yake Fundi, mwenye kiwanda, akamvuta kwenye meza ya waonjaji, akampa daftari. Humo Kimya alijifunza kuziandika harufu kwa majina yake: ndizi mbivu, karafuu, karatasi iliyolowa, sarafu ya shaba.

Saa nne asubuhi, manukato yalitangulia kuingia. Mwenyewe akafuata.

Alikuwa mama mrefu, mnyoofu, kitambaa cha hariri shingoni, viatu havina hata chembe ya vumbi ingawa ametoka shambani. Shayiri iliyopikwa kwenye tangi namba tatu ilikuwa yake. Shamba lake halikuwa limeonja dawa wala mbolea ya dukani kwa miaka mitatu. Samadi tu, na jembe, na mikono. Ndiyo mara ya kwanza kiwanda kupika bia ya shayiri ya namna hiyo, na karatasi za chupa zilikwisha chapwa, jina la shamba likiwa juu.

"Shikamoo, Mama," alisema Kimya.

"Marahaba." Ilitoka kama sadaka inayotolewa na mtu anayeangalia kando. Kisha macho yakarudi, yakampanda, yakamshuka. "Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mama," alisema Fundi.

"Mbona kakauka hivi? Kwao mafuta yameadimika?"

"Wifi, karibu kwanza, matusi baadaye," alisema Shangazi akimvutia kiti. "Umekuja kuonja bia au kuonja watu?"

"Vyote viwili. Nimetoka mbali."

Dereva, ambaye alikuwa mwonjaji wa tatu, alikohoa ili asicheke.

Chumba cha kuonjea kilikuwa cheupe kitupu: meza moja, dirisha moja kubwa, mkate mkavu, mtungi wa maji, na glasi zilizoandikwa namba kwa chaki. Kila mwonjaji alikuwa na karatasi yake. Chini ya karatasi kulikuwa na maneno matatu, achague moja: Itoke. Ingoje. Imwagwe. Hakuna kuzungumza mpaka wote wamalize kuandika, na aliyeipika bia haandiki kitu. Fundi akaegemea ukuta, mikono nyuma, kama mtuhumiwa.

Kimya aliinua glasi, akaipeleka puani. Akapata asumini. Akaizungusha, akanusa tena. Asumini. Bia ilikuwamo, aliiona kwa macho, lakini mama mkwe, kama angekuja kuwa mama mkwe, alikuwa ameijaza nyumba nzima.

Alimtazama Shangazi. Shangazi akatazama dari. Alimtazama Dereva. Dereva akawa na shughuli nyingi na kipande chake cha mkate. Akamtazama Fundi, naye Fundi akatikisa kichwa polepole, macho yakimsihi: acha, acha, usithubutu.

Kimya akaiweka glasi mezani.

"Mama, naomba radhi. Humu ndani hatuingii na manukato."

Nzi akagonga kioo cha dirisha.

"Unanifukuza?"

"Sikufukuzi wewe, Mama. Naiondoa asumini. Bia ni ya shayiri yako, na mimi nikiinusa napata shingo yako."

Dereva akapaliwa na mkate. Shangazi akampiga mgongoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mama alisimama. Alimtazama mwanawe kwa muda, kama anayesema umeona ulichoniletea, kisha akatoka. Nje ya dirisha alipindua kreti tupu, akalifuta kwa leso, akaketi, mgongo umenyooka kama mlango. Fundi akafumba macho.

Kimya aliisubiri hewa itulie, ndipo akainua glasi tena.

Rangi ilikuwa ya asali ya msituni. Povu lilikuwa zito, likishuka taratibu na kuacha pete kwenye glasi, ndipo alipojua kwamba glasi zake alizosugua jana zilikuwa safi. Harufu ikamjia: mkate unaotoka tanurini, ganda la chungwa, na kwa mbali nyasi zilizokatwa asubuhi. Akaonja. Utamu wa kimea ulifika kwanza, bila papara, na uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, ukafuata nyuma. Moyo wake ukaruka. Ilikuwa bia nzuri. Ilikuwa ni kama kumsikia Fundi akizungumza bila kufungua mdomo.

Akaikumbatia glasi kwa viganja ili ipate joto kidogo, kwa maana baridi huficha mengi, akaonja mara ya pili. Akameza.

Hapo nyuma ya ulimi kitu kikateleza.

Alikunywa maji, akatafuna mkate, akarudia. Kiliteleza tena. Kilikuwa kidogo sana, kama mtu aliyepita nyuma ya pazia. Siagi.

Akainua macho, akakutana na ya Fundi. Wapenzi wengine huandikiana barua. Hawa wawili kwa miaka miwili walikuwa wakizungumza kwa macho, juu ya mapipa, juu ya vichwa vya watu. Na macho ya Fundi leo yalisema jambo moja tu: nisaidie.

Kalamu ya Dereva ilikuwa imeshasimama. Ya Shangazi pia. Nani mwingine angeijua siagi hiyo? Nusu ya wanywaji wasingeijua. Neno moja tu, Itoke, na mama yule aliyeketi juu ya kreti angekaa kitako na mwanawe. Kimya aliwaza juu ya nyumba ambayo hajapata kuiona, kizingiti chake, mlango wake. Akawaza juu ya zile karatasi za chupa zenye jina la shamba.

Akaandika.

"Haya, geuzeni," alisema Shangazi.

Dereva: Itoke, na chini yake ameandika, hata leo jioni. Shangazi: Itoke. Kimya: Ingoje. Siagi.

"Siagi?" Dereva aliinua glasi yake, akainusa. "Mimi sijaona siagi. Mkate nimeuona."

"Wewe ulimi wako una leseni ya lori, ya bia hauna," alisema Shangazi, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. "Kimya, una hakika?"

"Nina hakika, Shangazi."

"Shayiri yangu ingoje nini?" Sauti ilitoka dirishani. Mama alikuwa amesimama, mikono juu ya kizingiti cha dirisha. "Nani kaandika hivyo? Ni huyu? Nimejua. Nimemwambia kakauka, sasa analipiza!"

"Wifi, hapa kuna sheria," alisema Shangazi. "Ingoje ikiwa hata moja, bia inakwenda jikoni. Haibishaniwi, inapimwa. Makopo mawili ya bia ile ile: moja linakaa kwenye maji ya moto dakika ishirini, jingine linabaki baridi. Kama kuna siagi iliyojificha, moto huitoa. Uje uinuse mwenyewe. Lakini asumini ibaki huko huko."

Kimya akajaza makopo mawili ya kioo, akayafunika, akalitia moja kwenye sufuria ya maji ya moto. Alipogeuka, Fundi alikuwa nyuma yake.

"Unajua ulichofanya?" alinong'ona. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Kimya, nilikwambia jana. Nilikwambia kila kitu."

"Uliniambia."

"Halafu ukanikataa mbele ya mama yangu."

"Bia nimeikataa. Wewe sijakukataa."

Maji yalianza kutoa mvuke kati yao.

"Tangi ulilipoza lini?" aliuliza Kimya, polepole.

"Jumatatu."

Kimya alimtazama tu, kwa yale macho yake ya kungoja, yanayoweza kukaa nje ya mlango kutwa nzima.

"Jumamosi," alisema Fundi. "Nililipoza Jumamosi. Nilitaka baridi iing'arishe kufikia leo. Nilitaka Mama aione inang'aa."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia nini? Kwamba nina haraka ya kukuoa mpaka nimesahau kazi?"

Kimya aligeuza uso upande wa sufuria, kwa sababu maneno hayo yalimwingia mahali ambapo hakuwa na mlango. "Hilo ungeniambia," alisema. "Hilo ningelisikiliza."

Nje kwenye bomba la uani, mama alikuwa akihangaika kuvua mkufu wake ili anawe. Kimya akamwachia Fundi saa azihesabu zile dakika ishirini, akatoka na kipande cha sabuni ya waonjaji, ile isiyonukia kitu. Alifungua bomba, akakinga maji kwa bakuli, akasimama akisubiri. Mama akasita, kisha akavua kile kitambaa cha hariri na kumkabidhi. Kimya akakitundika kwenye kamba ya nguo, mbali, upande ambako upepo haukuwa ukielekea kiwandani. Akaanza kummiminia maji, polepole, shingoni, mikononi, nyuma ya masikio.

"Umesoma mpaka wapi?" aliuliza mama, uso ukiwa chini.

"La saba, Mama."

Maji yalimiminika kwa muda.

"Mimi la nne," alisema mama. "Usimwambie mtu."

"Sitamwambia."

"Nasikia husemi."

"Husema kidogo kidogo."

"Leo umesema mengi."

Blauzi ya mama nayo ilinukia, kwa hiyo Kimya akamvalisha koti lake mwenyewe la kazi, la bluu, limechakaa viwiko, lina namba ya kiwanda mfukoni. Mama alijitazama. Alikuwa mwanamke aliyeoga kwa sabuni isiyonukia, ndani ya koti la mwosha glasi. "Haya," alisema. "Twende tukaione hiyo siagi yako."

Makopo yalikuwa yamepozwa kwenye maji mpaka yakawa na baridi moja. Kimya akayazungusha nyuma ya mgongo wake, asijulikane ni lipi, akayaweka mezani. Wengine wanne wakasogea mezani.

Mama akafungua la kwanza. Akanusa, akafumba macho, na uso wake mgumu ukalainika ghafla kama udongo uliopata mvua. "Ni shamba langu," alisema kwa sauti ndogo. "Ni lile shamba siku ya kuvuna."

Akafungua la pili. Akanusa. Akarudi nyuma. Akanusa tena.

"Nani kaweka siagi humu?"

Fundi akatoka ukutani.

"Mimi, Mama. Si kwamba niliitia. Hamira ikimaliza kula sukari huacha takataka zake, ndiyo hiyo siagi. Ukiiacha kwenye joto lake siku mbili tu zaidi, huzirudia ikazila yenyewe. Mimi niliilaza kwenye baridi mapema, ikalala na takataka zake. Nilitaka bia ing'ae mbele yako."

Mama akaliweka kopo mezani. Alipozungumza, hakupaza sauti.

"Miaka mitatu nimeng'oa magugu kwa mkono. Watu walipita barabarani wakinicheka, wanasema mama yule anapalilia kama anachambua mchele. Miaka mitatu nilingoja. Na wewe ukashindwa siku mbili?"

"Nilishindwa, Mama."

"Na wewe." Alimgeukia Kimya. "Alikuwa amekwambia nilivyoapa?"

"Alinieleza."

"Na ulimwona anavyokukodolea macho? Maana hata mimi kule nje nilimwona. Kijana mzima, kama mbuzi aliyefungiwa nje."

"Nilimwona, Mama."

"Ukaandika."

"Jina la shamba lako liko kwenye chupa," alisema Kimya. "Watu wangeonja siagi wakadhani ndivyo ilivyo shayiri yako. Nami ningekuwa ninajua."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Hakuitazama midomo iliyokauka, wala gauni; alimtazama machoni, na Kimya hakuyakwepesha.

"Inaponyeka?" aliuliza mwishowe.

"Inaponyeka. Tulirudishie tangi joto, tuongeze hamira changa kutoka tangi namba moja, tuiache siku sita. Saba, kama kuna mtu wa kunishikia Fundi asiifungue."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka. Dereva akapokea. Mama alijizuia, akajizuia, mwisho mabega yakamsaliti, na Kimya akaona kile kicheko kinachoanzia mabegani kilikotoka.

"Niliseme basi niende," alisema mama, akifuta macho kwa mkono wa koti. "Niliapa kwamba nitamsikiliza mwanangu bia ikiwa ya maana. Haijawa ya maana. Kiapo ni kiapo, na leo simsikilizi."

Fundi akainamisha kichwa.

Mama akatoka, mpaka uani, ambako lori la Dereva lilikuwa likimsubiri. Kimya akamfuata kama adabu inavyotaka. Kwenye ngazi ya lori mama akasimama, mkono mmoja mlangoni, bado ndani ya koti la bluu.

"Kile kitambaa changu nimekisahau kambani."

"Nikuletee, Mama?"

"Kimelowa jasho. Kifue kwanza. Halafu usimpe huyu," akamwonyesha mwanawe kwa kidevu, "yeye ana haraka, atakiangusha njiani. Kilete mwenyewe, nyumbani. Siku ya saba, na chupa ya kwanza." Akapanda, akafunga mlango, kisha akatoa kichwa dirishani. "Na upite mlango wa mbele. Wa jikoni una ngazi mbovu."

Lori likaondoka. Fundi alibaki amesimama katikati ya uani, mdomo wazi, akimtazama Kimya, kisha barabara, kisha Kimya tena.

"Amesema nyumbani," alisema. "Kimya, umesikia? Amesema mlango wa mbele!"

Kimya alikuwa amekwisha kwenda kwenye kamba. Kazi ya kuonja ilikuwa imekwisha kwa siku hiyo. Akakianua kile kitambaa cha hariri, akakikunja mara mbili, akakipeleka puani kwa mikono yote miwili, akaivuta asumini mpaka kifua kikajaa.